Leseni ya kiwanda cha fueli ya nyuklia: ya Marekani, ya Uingereza au ya Ufaransa, sisi wa Kusini tungedai ipi?

Toka kile kiwanda cha majaribio cha urani kizinduliwe Mto Mkuju kule Namtumbo, Julai 2025, huku Mtwara, Kusini mwa Tanzania, kila kijiwe kimepata mtaalamu wake. Kuna wanaosema nyuklia imeshafika mlangoni, kuna wanaosema mzigo lazima upite bandarini kwetu, na kuna vijana wanasema acheni uoga mbona gesi tumeizoea. Mimi kazi yangu ni usalama viwandani, nimezunguka kwenye gesi na kwenye saruji huku Kusini, na hii habari ya leseni za viwanda vya fueli ya nyuklia naifuatilia sana kwa sababu siku mambo yakiwa ya kweli wenye mashamba na wenye visima ndo wataitwa ukumbini waseme wanakubali au hawakubali, na mtu akikubali kitu ambacho hajui ni nini, huyo hajakubali, amesainishwa.

Wazee wangu shikamooni, vijana mambo, tuanze.

Kwanza tutenganishe vitu viwili manake vinachanganywa kila siku. Namtumbo kinachotoka ni unga wa njano wa urani, unawekwa kwenye mapipa. Hatari zake zipo, vumbi, gesi ya radoni, na yale maji ya mabaki ambayo yakipasua kingo yanaingia mtoni, lakini unga ule wenyewe hata uurundike mlima mzima hauwezi kujiwasha. Kiwanda cha fueli kipo mbele sana kwenye safari. Ule unga unakuwa umeshageuzwa kemikali nyingine, umeshakwenda kurutubishwa, yani ile sehemu ya urani inayopasuka kirahisi inaongezwa mpaka kama asilimia 5, umepakiwa kwenye silinda za chuma ambazo moja inabeba zaidi ya tani 2, alafu ndo unafika kiwandani, silinda inapashwa moto, gesi inayotoka inageuzwa unga mweusi, unga unakandamizwa kuwa vidonge vidogo kama ncha ya kidole, vinaokwa kwenye tanuru la haidrojeni kwa nyuzi kama 1,700, vinapangwa ndani ya mirija ya metali ya zirkoniamu, inajazwa heliamu na kuchomelewa pande zote. Sisemi kinajengwa kwetu. Nasema tukijua cha mwisho kinadhibitiwaje, hata haya ya mwanzo tutauliza maswali yenye meno.

Sasa kulinganisha na gesi. Anayejua Madimba, kile kiwanda chetu cha kusafisha gesi, anajua hatari ya gesi ni mbili tu kwa ufupi, kuvuja na kupata cheche, na ndo maana unakuta ditekta kila kona, valvu zinazojifunga zenyewe, na pamiti, yani kibali cha maandishi, kwa kila kazi ya moto. Kiwanda cha fueli kina hatari mbili pia lakini za aina yake. Ya kwanza ni kemikali. Ile gesi ya urani ikikutana na unyevu wa hewa tu, inazaa asidi ya haidrofloriki ambayo inaunguza mapafu. Tarehe 4 Januari 1986 kule Gore, Oklahoma, kwenye kiwanda cha hatua ya kabla ya hapo, silinda iliyojazwa kupita kiasi ikapashwa moto ili kupunguza mzigo, ikapasuka, mfanyakazi mmoja akafa, na kilichomuua ni asidi wala sio mionzi. Na sisi hewa yetu ya pwani ukivaa shati saa 2 asubuhi saa 4 limeshalowa, kwaiyo hatari hii msiichukulie poa.

Ya pili ndo yenyewe, inaitwa kritikaliti. Urani iliyorutubishwa ikikusanyika nyingi, kwenye umbo baya, na maji karibu, nyutroni, chembe ndogo sana zinazotoka ndani ya atomi, zinaanza kupasua atomi nyingine na kila mpasuko unazaa mingine mpaka mnyororo unajiendesha. Ni kama makaa, ukiyatawanya chini kila kipande kinapoa kivyake, ukiyakusanya kwenye jiko yanakolezana. Tofauti ni kwamba hapa hakuna moshi wala harufu ya kukuonya, mnyororo unakamata kabla hujavuta pumzi ya pili.

Kuzuia hiyo kuna njia tatu kubwa, na apa ndo ulinganisho wenyewe unapoanzia manake leseni zote duniani mwisho wa siku zinauliza hii hii: umechagua ipi?

Njia ya umbo. Unatengeneza chombo chembamba kiasi kwamba nyutroni zinatorokea pembeni, hata kikijaa mpaka juu mnyororo haushiki. Njia ya uzito, yani unaweka kikomo cha kilo na mtu anapima kila mara. Njia ya unyevu, unahakikisha maji hayafiki kabisa, manake unga wa urani wa chini ya asilimia 5 ukiwa mkavu kabisa haushiki.

Zote zinafanya kazi kwenye karatasi. Lakini angalia ni nani anabeba mzigo. Kwenye umbo mzigo unabebwa na chuma. Kwenye uzito unabebwa na mtu na mizani yake. Kwenye unyevu unabebwa na paa, na bomba lisilovuja, na mtu wa zimamoto ambaye lazima ajue kwamba kwenye chumba kile mpira wa maji haufunguliwi hata moto ukiwaka. Hebu fikirieni hilo la mwisho, gari la zimamoto limekuja mbio, watu wanapiga kelele, alafu kuna chumba ambacho maji ndo hatari. Ukinipa nichague, umbo kwanza, siku zote. Uzito na unyevu viwepo kama vya pili, visiwe nguzo pekee.

Na sisemi hivyo kwa nadharia. Mtu yeyote aliyesimamia kazi ya kuchomelea anaijua hii: pamiti inaisha saa 11 jioni, weldi imebaki kipande kidogo, fundi amelala chini ya bomba ananiangalia usoni, "kaka, dakika kumi tu namaliza". Anataka kumaliza tu arudi nyumbani, ubaya hana, na kesho kuanza upya ni kupima gesi tena na kusubiri saini tena. Hiyo presha ipo kila kiwanda duniani na leseni inayosahau kwamba ipo, hiyo leseni haijaandikwa na mtu aliyewahi kuwa saiti.

Tokaimura, Japani, tarehe 30 Septemba 1999. Kiwanda cha JCO kilikuwa na leseni halali na utaratibu uliopitishwa na serikali. Kwenye utaratibu huo urani ilitakiwa kupita kwenye mnara mwembamba, yani umbo salama. Lakini mnara ulikuwa unachelewesha, basi ndani ya kampuni wakajiandikia mwongozo wao wa kuyeyushia urani kwenye ndoo za chuma, na siku ile wafanyakazi wakaruka na mnara wenyewe, wakamimina ndoo moja kwa moja kwenye tanki pana la kipenyo cha kama sentimita 45. Urani yenyewe ilikuwa imerutubishwa mpaka asilimia 18.8, kikomo cha uzito ni kilo 2.4, wao walipofika ndoo ya 7 tanki lilikuwa na kilo kama 16. Saa 4 na dakika 35 asubuhi wakaona mwanga wa bluu. Na tanki lilikuwa limezungushiwa maji ya kupoozea, maji yanarudisha nyutroni ndani, kwaiyo mnyororo ukaendelea kama masaa 20 mpaka kesho yake watu wakaenda kwa zamu za dakika chache kuyatoa yale maji. Wafanyakazi wawili wakafa, mmoja Desemba ile ile na mwingine Aprili 2000. Majirani wa ndani ya mita 350 waliondolewa saa 9 alasiri, hesabu mwenyewe ni masaa mangapi baada ya tukio. Wengine kama 310,000 ndani ya kilomita 10 wakaambiwa wafunge milango wasitoke.

Umbo salama lilikuwepo pale, limenunuliwa na limelipiwa. Kosa ni kwamba kulikuwa na tanki pana jirani yake ambalo mtu angeweza kulifikia na ndoo, na mkaguzi hakuwa anapita. Leseni ikafutwa mwaka 2000, lakini kwa wale wawili hiyo ni karatasi tu.

Msije mkasema hao walikuwa wazembe, wenye mifumo mizuri hawafanyi hivyo. Columbia, South Carolina, kiwanda cha Westinghouse kimefanya kazi toka 1969, chini ya taasisi ya Marekani yenye wakaguzi wa kila aina. Mwaka 2016 wakafungua mtambo wa kusafishia hewa chafu, sio mashine ya urani, ni ya kusafisha hewa tu, wakakuta imejikusanyia kama kilo 87 za urani wakati kikomo ni 29. Hakuna aliyeumia, mnyororo haukushika. Lakini kilo 87 hazijikusanyi kwa usiku mmoja, zilijikusanya kwa sababu hesabu za usalama zilidhani pale itafika kidogo sana, na ukishadhani kwamba kitu hakiji hukitafuti. Mimi hili linanitisha kuliko hata Tokaimura, manake pale mtu aliruka utaratibu, hapa dhana yenyewe iliyoandikwa kwenye hesabu ndo ilikuwa mbovu.

Haya, tuje kwenye leseni zenyewe

Marekani. Anayetoa leseni ni tume yao ya udhibiti, NRC. Kanuni zao za mwaka 2000 zinamlazimisha mwenye kiwanda aandike kila ajali inayowezekana, moja moja, alafu aorodheshe vifaa na taratibu anazozitegemea kuizuia, na athibitishe kwamba ajali kubwa ni ya mbali sana kutokea. Na "kubwa" imewekewa namba: mfanyakazi kupata siveti 1 (kipimo cha mionzi inayoingia mwilini) au zaidi, jirani wa nje ya uzio kupata robo siveti au kuingiza mwilini miligramu 30 za urani inayoyeyuka. Napenda sana hiyo ya jirani kuwa na namba yake. Kinachonisumbua ni muda. Leseni inaweza kufika miaka 40. Hao hao Columbia waliomba kuongezewa mwisho wa 2014, katikati yakaibuka mambo ya uvujaji chini ya sakafu na uchafuzi wa maji ya ardhini, tume ikalazimika kurudi kufanya tathmini kubwa ya mazingira, na mwisho Septemba 2022 wakapewa miaka 40. Kuwachunguza miaka karibu 8 ni sawa kabisa, hapo nawapongeza, ila miaka 40 ni mtoto azaliwe, asome, aoe, ajenge, leseni bado ile ile. Wanaoitetea watasema wakaguzi wanaingia kila mwaka na orodha ya usalama inahuishwa kila mwaka, ni kweli, lakini mwenye kiwanda pia ana ruhusa ya kubadili vitu kadhaa bila kuomba kwanza akiona yeye mwenyewe vimekidhi masharti.

Uingereza ni tofauti kabisa. Kiwanda chao kipo Springfields karibu na Preston, leseni inatoka chini ya sheria ya 1965 na inafungwa na eneo, haina tarehe ya kuisha, na ina masharti 36 tu ya jumla. Ukiyasoma unashangaa mbona mafupi. Siri ni kwamba hawamwambii mwenye kiwanda afanye nini, wanamwambia aoneshe kwamba amepunguza hatari mpaka pale ambapo kupunguza zaidi hakuna busara tena, na kila miaka 10 apitie upya usalama wote. Ni mfumo mzuri sana kama una wakaguzi wengi waliobobea, ambao wanaweza kukaa na injinia wa kampuni wakabishana naye hesabu kwa hesabu. Kama huna, mwenye kampuni anakuzidi kwa maneno na unasaini. Kwa hapa tulipo mimi siuchagui, na sio kwa kuwadharau wataalamu wetu, ni wachache na wamebeba mengi, mashine za eksirei hospitalini, vyanzo vya mionzi viwandani, vyakula vya bandarini, wote hao ni watu wale wale.

Ufaransa kiwanda kipo Romans-sur-Isère. Kibali ni cha serikali, hakina mwisho, lakini sheria ya 2006 inalazimisha kila miaka 10 kiwanda kijipime upya, sio tu kama kinafuata masharti ya zamani bali kama kinafikia viwango vya leo. Na kuna kitu ambacho kwangu mimi ndo kinabeba uamuzi wote. Kila kiwanda cha nyuklia lazima kiwe na kamati ya taarifa ya wenyeji, ndani yake kuna madiwani, vyama vya mazingira, vyama vya wafanyakazi, na wataalamu, na kamati hiyo ina haki ya kuuliza na kupewa majibu.

Ndugu zangu, sisi tunaujua mwaka 2013, ule wa vurugu za bomba la gesi. Sirudii yaliyotokea, kila nyumba Mtwara ina simulizi yake. Ila hata anayesema bomba la gesi lilikuwa jambo jema atakubali kwamba watu walikuwa wanasikia habari zao kwa tetesi, na mtu anayesikia habari zake kwa tetesi hata ukimletea ukweli baadae hauamini. Kamati ya wenyeji yenye haki ya kisheria ya kupewa ripoti ingebadilisha mengi. Kwaiyo nikilazimishwa kuchagua leseni moja nachagua ya Ufaransa, alafu natoa kipande kimoja kwa Mmarekani nakiongezea, ile orodha ya kila ajali na kila kizuizi chake, iandikwe kwa Kiswahili na iwekwe ofisi ya kata. Mkaguzi akiwa mmoja tu kwa mwaka, anakuja na orodha mkononi anagusa kifaa kimoja kimoja. Na wa kata naye anaweza kuuliza namba 14 mbona sijaiona.

Kuna swali la nani atoe leseni hiyo, nalo halikwepeki. Kwetu ni Tume ya Nguvu za Atomiki, TAEC, kwa Sheria Na. 7 ya 2003, na sheria hiyo imeipa kazi zote mbili, kudhibiti na kuhamasisha matumizi ya nyuklia. Kwa eksirei na mbegu zinazoboreshwa kwa mionzi haina shida sana. Kwa kiwanda kikubwa ina shida. Marekani nao walikuwa na tume moja inayofanya yote, wakaivunja kwa sheria ya 1974 na mdhibiti akasimama peke yake mwaka uliofuata. Japani wakati wa Tokaimura mtoa leseni alikuwa chini ya wakala ule ule wa kuendeleza nyuklia, wakaja kutenganisha kabisa 2012 baada ya ajali ya vinu vya nyuklia vya Fukushima. Sisi tuna bahati ya kulitenganisha kabla.

Njia mvua au njia kavu

Hili watu wengi hawalijui na kwa Mtwara ni kubwa. Kugeuza ile gesi kuwa unga kuna njia mbili. Njia mvua unaipitisha kwenye maji na amonia, unapata unga mzuri lakini na maji machafu mengi, mabwawa, mabomba chini ya sakafu. Columbia wanatumia hiyo na ndo chanzo cha habari zao za maji ya ardhini. Njia kavu gesi inakutana na mvuke na haidrojeni kwenye tanuru moja kwa moja, maji machafu ni kidogo sana, na Richland kule Washington wanaitumia. Wanaotetea njia mvua watakwambia vyombo vyake ni rahisi kuvifanya vyembamba, na ni kweli. Lakini sisi mjini tunakunywa maji ya visima vya Mtawanya, na juu kule Newala watu wanajua thamani ya ndoo moja ya maji ya chanzo cha Mitema. Kwa eneo linalotegemea maji ya ardhini, njia kavu, bila mjadala.

Na eneo lenyewe liombewe leseni kwa hali ya hewa ya sasa, sio ya zamani. Aprili 2019 Kimbunga Kenneth kilipita jirani, Msumbiji, huku watu wakahamishwa. Mei 2024 Hidaya ikaja, barabara ya Dar ikakatika maeneo ya Somanga, Kusini tukabaki kisiwani siku kadhaa. Kiwanda ambacho mpango wake wa dharura unategemea vifaa vije kwa barabara kutoka Dar hakina mpango.

La mwisho ni hela ya kubomoa na kusafisha. Marekani hupewi leseni mpaka uoneshe gharama ya kusafisha eneo siku ukifunga na hela itatoka wapi, na makadirio yanarudiwa angalau kila miaka 3. Hili tulichukue lilivyo, tena tulikaze: dhamana ikae benki kabla ya msingi kuchimbwa, hesabu ifanywe na mtu asiyelipwa na kampuni, na kamati ya wenyeji ipewe nakala ya taarifa ya ile akaunti kila mwaka.